Kilo Kumi za Shangazi Ruqaiya

Ratiba ya safari ya Shangazi Ruqaiya kwenda Kampala iliandikwa na Akram kwa wino mweusi, ikapigiwa mistari kwa rula, na mwisho ikagongwa muhuri. Muhuri ulisomeka OFISI YA SAFARI NA MAPUMZIKO, KOBOKO. Ofisi hiyo haikuwapo popote duniani isipokuwa kwenye kipande cha soli ya ndara kuukuu, ambacho Akram alikichonga kwa wembe akiwa amejificha nyuma ya jiko. Ufundi huo aliuleta kutoka shule ya bweni, huko Arua, ambako soli kama hiyo ilikuwa imewatoa wanafunzi saba getini kwa idhini ya mwalimu wa zamu, na mwalimu mwenyewe hana habari hadi leo.

Lakini safari hii haikuwa ya mzaha. Shangazi Ruqaiya alikuwa amepika pale Oraba, mpakani, kwa miaka kumi na tisa. Malori yanayongoja kuvuka kwenda Kaya, upande wa Sudan Kusini, yanasimama mbele ya kibanda chake, na madereva wanakula maharage yake, chapati zake na chai yake ya tangawizi huku wakimweleza habari za Kampala kana kwamba ni kijiji cha mama zao. Yeye hakuwahi kufika. Alitaka vitu vitatu tu, na Akram aliviandika kama alivyoambiwa.

Cha kwanza ni mnara wa msikiti mkubwa wa Old Kampala, wenye ngazi zaidi ya mia tatu, ambao mtu akiupanda anauona mji wote. Cha pili ni luwombo ya kuku, ile inayofungwa kwenye jani la mgomba pamoja na mchuzi wa karanga. Cha tatu ni samaki mzima wa kukaanga kule Ggaba, ziwa likiwa mbele ya meza.

"Na mimi nakaa," Shangazi alikuwa amesisitiza. "Andika hiyo. Mimi nakaa kwa kiti, mtu analeta maji ya kunawa. Chakula inakuja, mimi hapana uliza kama chumvi iko. Mimi hapana simama mpaka namaliza."

Akram akaandika: *Mheshimiwa atakaa.*

Ilibidi iwe likizo hii. Goti la kulia la Shangazi lilikuwa limeanza kulia kama bawaba, na muuguzi wa kituo cha afya alimwambia bila kumzungusha: "Mama, mwaka huu panda unachotaka kupanda. Mwaka ujao tutakuwa tunaongea habari za fimbo." Zaidi ya hayo, Agnes Keji, anayemsaidia kibandani, alikubali kukishika peke yake kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, si siku moja zaidi, kwa sababu Jumanne anakwenda kwao kuvuna ufuta. Na wiki itakayofuata shule ya Akram, ambaye ndiye angemsindikiza, itafunguliwa. Basi ilikuwa Ijumaa hiyo au fimbo.

Kama mambo yangeishia kwenye daftari, hadithi ingekuwa fupi. Ila katika ukoo wao mtu hasafiri kimyakimya. Ukienda Kampala bila kuaga, watu husema umekimbia, kisha huanza kukuhesabia ulichokimbia. Kwa hiyo Akram, akijiona kijana mwenye adabu kupita wote wa Koboko, alipeleka nakala ya ratiba kwa Baba Mkubwa Kamisi.

Kamisi ni kaka mkubwa wa Shangazi Ruqaiya. Alitoka jeshini na cheo cha sajini miaka mingi iliyopita, lakini jeshi lenyewe halikuwahi kumtoka. Alivaa miwani, akaisoma karatasi juu hadi chini, akagusa muhuri kwa kidole.

"Nani naandika hii?"

"Mimi, Baba Mkubwa."

"Kazi safi. Sasa, hii operesheni iko na kamanda?"

"Si operesheni, Baba Mkubwa. Ni matembezi tu. Shangazi anakwenda kuona mji na kula."

"Kula," Kamisi akarudia, kama daktari anayetajiwa dalili mbaya. "Watu yetu wote iko Kampala, na dada yangu anaenda *kula*? Kwa hoteli? Sasa watasema nini? Watasema hapa Koboko hakuna mtu mkubwa." Akakunja karatasi mara nne na kuitia mfukoni. "Kesho saa nne, kamati."

Kamati ilikaa uani kwa Shangazi, na aliyeichemshia chai ni Shangazi mwenyewe, akisimama. Kamisi alikuwa mwenyekiti. Katibu alikuwa Tombe, mtoto wa Kamisi, kijana wa miaka thelathini anayeamini kwamba kuandika polepole ni dalili ya akili. Mjumbe alikuwa Mama Mariam Poni, jirani na rafiki wa ukoo, ambaye binti yake ameolewa Kawempe, huko huko Kampala.

"Kipengele cha kwanza," Kamisi alisema. "Mnara. Iko faida gani?"

"Kuona mji, Baba Mkubwa," Akram akajibu.

"Mji anaona kutoka kwa dirisha ya basi. Tombe, futa. Andika: Jumamosi asubuhi, salamu kwa nyumba ya watu yetu, Bwaise."

Tombe akafuta, polepole.

"Huyo binti yangu wa Kawempe," Mama Mariam Poni akaingia, "alizaa, hakuna mtu wa hapa amemwona. Ruqaiya, wewe utapita tu kidogo. Utakaa, utakula, utalala. Watapikia wewe ugali ya muhogo na mtama, kama ya hapa kabisa. Hutajua kama umetoka nyumbani."

Akram alimtazama shangazi yake. Alikuwa akimimina chai bila kumwangalia mtu.

"Mama, yeye anataka luwombo," Akram alisema.

"Luwombo ni chakula ya watu gani? Tumbo itamuuma njiani. Na mimi niko na samaki kidogo ya moshi ya kupeleka. Na simsim, hiyo ufuta ya kusaga. Na unga kidogo."

Neno *kidogo* likaanza kufanya kazi yake. Kufikia saa sita, kidogo cha Mama Mariam Poni kilikuwa gunia. Kamisi alitaka kupeleka asali Bwaise na viazi kwa rafiki yake wa jeshini anayeishi Bombo.

"Bombo si Kampala, Baba Mkubwa," Akram alisema. "Bombo iko mbali huko kwenye barabara ya kuja huku."

"Kwa hiyo iko njiani. Vizuri. Tombe, andika Bombo."

Ratiba ilipomrudia Akram jioni ile, luwombo, Ggaba na ziwa lake vilikuwa vimefutwa, na Jumapili nzima ilikuwa kikao cha kumpatanisha binamu mmoja na mkewe, ambao hakuna mtu Koboko aliyewahi kuwapatanisha wakiwa hapa hapa. Uani kulikuwa na mizigo ya kilo arobaini na nane. Akram alijua kwa sababu aliipima kwa mizani ya muuza maharage, akitumaini kuona aibu kwenye uso wa mtu. Mama Mariam Poni alifurahi sana kuona bado hawajafika hamsini.

"Shangazi, wakatae," Akram alimwambia jikoni.

"Nakataa namna gani? Mwaka ile nilikuwa mgonjwa, hiyo mtoto ya Kawempe ndiye alituma dawa. Alimpatia mtu, na huyo mtu alibeba." Akaweka sufuria chini, goti likalia. "Kila mtu anabeba, Akram. Ndiyo barabara."

Hapo ndipo Akram alipoamua kuitumia elimu yake.

Jumatatu alikwenda Arua kuchukua ripoti yake ya shule. Akitoka hapo alipita kwenye duka la kuchapa barua chini ya Arua Hill, mahali ambapo watu wenye shida na ofisi za juu hupanga foleni, akachapisha tangazo. Lilisema kwamba kuanzia wiki hiyo, kwa ajili ya usalama wa abiria na heshima ya barabara, kila abiria wa basi la Kampala ataruhusiwa kilo kumi za mizigo na si zaidi, na atakayezidisha atateremshwa pamoja na mizigo yake mahali popote penye giza la kutosha. Sentensi hiyo ya mwisho aliipenda sana. Jina la kampuni ya basi hakuliandika, ili asimsingizie mtu. Aliandika *Uongozi*, kisha akachonga upande wa pili wa soli na kuligonga tangazo muhuri mara mbili, kwa sababu uongozi wa kweli hauridhiki na muhuri mmoja.

Jioni hiyo alilisoma mbele ya kamati kwa sauti ya huzuni. Mama Mariam Poni alilitazama gunia lake kama mtu anayeaga maiti. Akram akainamisha kichwa, si kwa heshima, bali ili wasione mdomo wake.

Kamisi akaliomba tangazo. Akalisoma mwenyewe. Akagusa muhuri wa kwanza, akagusa wa pili.

"Hii iko sheria," alisema. "Sheria hapana vunja." Akamgeukia katibu. "Tombe. Mizigo iko kilo ngapi?"

"Arobaini na nane, Baba."

"Mtu moja, kilo kumi. Kilo arobaini na nane inataka watu ngapi?"

Tombe akahesabu kwenye vidole, polepole. "Watano."

"Basi watu tano itaenda. Ruqaiya, Akram, Tombe, Mama Mariam, na mimi. Mimi nakuwa kamanda." Akalikunja tangazo kwa uangalifu. "Na tutabaki na kilo mbili. Mama Mariam, wewe iko na kitu ingine?"

"Kidogo," alisema Mama Mariam Poni.

Katika miaka yake yote ya bweni, Akram alikuwa amechapwa, amefyekeshwa uwanja, na aliwahi kupigishwa magoti mbele ya shule nzima akiwa na ndoo kichwani. Hakuna adhabu iliyomfikia kama ile ya kukaa pale na kutazama uongo wake mwenyewe ukivaa buti na kuanza kutoa amri. Siku nzima ya Jumanne alizunguka mji wa Koboko akitafuta uongo wa pili wa kuua ule wa kwanza. Alifikiria ugonjwa wa mifugo. Alifikiria daraja lililovunjika. Kila alichokifikiria, alimwona Kamisi akikigusa kwa kidole na kuongeza abiria.

Jumatano jioni alimkuta Shangazi chumbani kwake. Sanduku la bati lilikuwa wazi. Gauni la kijani na mtandio wake mpya, vilivyokuwa vimetundikwa ukutani tangu mwezi uliopita vikingoja Ijumaa, sasa alikuwa anavikunja na kuvirudisha sandukuni.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Watu wanne itatosha. Hiyo kilo yangu wagawanye."

"Huendi?"

"Mimi nilitaka siku tatu ya kukaa kwa kiti. Sasa nikienda na Kamisi, na Tombe, na Mariam, nani atapika chai kwa hiyo nyumba yote? Mimi. Heri mimi napika hapa, madereva wanasema asante." Akalisawazisha gauni kwa kiganja. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtia Akram hofu. "Goti yenyewe imechoka. Wewe nenda, utaniambia."

Akram alisimama mlangoni. Alijua kifuniko cha sanduku lile kikifungwa kitafungwa moja kwa moja, maana mwaka ujao ni habari za fimbo.

"Lile tangazo ni la uongo," alisema. "Niliandika mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Pembeni ya muhuri iko na vitone vitone. Mimi nimekanyaga hivyo vitone miaka minne. Hiyo ndara yangu, nilitafuta mguu moja wiki mbili."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ndiye uliandika," alisema Shangazi Ruqaiya. "Mimi niseme kwa nini?"

Kamati ilikutana kwa mara ya mwisho Alhamisi asubuhi, kukagua mizigo. Kamisi alivaa kofia yake ya zamani. Mizigo ilipangwa mistari mitano, na kila mstari ulikuwa na jina la abiria. Akram alisogea mbele. Alikuwa ameandaa hotuba yenye utangulizi, lakini akajikuta amesema tu: "Baba Mkubwa, basi halina sheria ya kilo kumi. Nilitunga. Muhuri ni ndara."

Akaitoa ile soli mfukoni na kumkabidhi.

Kamisi aliigeuza huku na huku. Upande mmoja akasoma Ofisi ya Safari, kinyumenyume. Upande mwingine akasoma Uongozi. Tombe alianza kucheka, akaona uso wa baba yake, akaacha.

"Sajini mzima," Kamisi alisema taratibu, "mimi napigia ndara saluti."

"Kwa nini unafanya hivyo, mtoto?" Mama Mariam Poni aliuliza. "Sisi tumekukosea nini?"

"Hakuna aliyenikosea. Ilikuwa safari ya Shangazi. Alitaka vitu vitatu, mkafuta vyote. Na jana amerudisha gauni lake kwenye sanduku."

Watu wakamgeukia Shangazi Ruqaiya. Alikuwa amesimama na birika mkononi. Akaliweka chini. Kisha akavuta kiti cha Tombe, ambaye alikuwa ameinuka kuhesabu mafungu, akakaa.

"Kama sheria hakuna," Kamisi alisema, "watu tano haina haja. Ruqaiya atabeba kama mwanzo, kilo arobaini na nane."

"Kumi," alisema Shangazi.

"Hiyo sheria ni ya uongo, dada yangu. Mtoto amesema."

"Ya basi ni ya uongo. Yangu ni ya kweli. Mimi iko na goti moja, nabeba kilo kumi. Leta mizani hapa. Nyinyi mtajua wenyewe nani anatoa nini." Akanyoosha mguu wake. "Na mimi sitaenda Bwaise, sitaenda Kawempe, Bombo nitaona kwa dirisha ya basi. Jumamosi saa saba mimi niko kwa hoteli, nakula. Akram atatuma jina ya hiyo hoteli kwa simu. Mwenye anataka mzigo yake na salamu yake, akuje pale, nitampatia. Mtoto wa Kawempe alete mtoto, nitambeba. Lakini kila mtu aagize chakula yake."

Jambo kama hilo halikuwahi kusikika katika ukoo ule. Mama Mariam Poni taratibu akaanza kutoa unga kwenye gunia. Kwa muda wa saa nzima uani kulikuwa na ugomvi mkali kuliko wa mpakani, asali ikishindana na samaki wa moshi mbele ya mizani, na viazi vya Bombo vikatolewa mapema kabisa bila hata kutetewa. Shangazi hakuinuka. Chai ilipoisha, ilikuwa imeisha.

Kisha Kamisi akamwita Akram.

"Wewe umedanganya kamati. Adhabu iko."

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Hapana enda Kampala. Siku nne unafanya kazi kwa kibanda ya Oraba, chini ya Agnes Keji. Unaosha sahani. Na dada yangu hawezi kusafiri peke yake. Nafasi yako nachukua mimi."

Akram alimtazama Shangazi, akitumaini sheria nyingine ya kweli. Shangazi alifikiri kidogo.

"Hiyo ni haki," alisema. "Kamisi, kuja. Lakini kamanda ni mimi. Nikisema tunakula, tunakula. Nikisema tunapanda, tunapanda."

Sajini aliitazama ile soli ambayo bado ilikuwa mkononi mwake. "Ndiyo, afande," alisema kwa uchungu.

Hivyo ndivyo mtu aliyeipanga safari kwa rula alivyojikuta, Jumamosi kabla ya adhuhuri, amechutama Oraba mbele ya karai la sahani zenye mafuta ya maharage yaliyoganda. Agnes Keji, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno, alikuwa amemrudishia sahani nane aoshe upya. Malori yalikuwa yamejipanga hadi kule kwa wabadilisha fedha, na madereva waliokwisha kusikia habari zote walikuwa wakimwita Uongozi.

"Uongozi, chai mbili."

"Uongozi, hii chapati iko na muhuri?"

Simu ikalia. Jina la Shangazi. Akram akaufuta mkono kwenye suruali.

"Akram? Unasikia?"

"Nasikia, Shangazi. Uko wapi?"

"Niko juu." Alikuwa anahema, na nyuma yake upepo ulikuwa ukipiga kama turubai la lori. "Nilipumzika mara tisa. Kamisi nimemwacha kwa ngazi ya mia moja na kumi. Amekaa chini. Anasema yeye nalinda njia."

"Goti je?"

"Goti iko huku na mimi. Itaenda wapi?" Akacheka kicheko ambacho Akram hakuwahi kukisikia pale kibandani. "Sikiliza. Agnes amepiga simu, anasema unaweka chumvi mingi kwa maharage."

"Shangazi, achana na maharage. Niambie unaona nini."

"Hii kitu, mtoto ya ndugu yangu. Mimi nilifikiri ni nyumba tu. Kumbe kwanza hapa chini iko—"

Sauti ikakatika. Akram aliitazama simu. Kama kawaida ya Oraba, ilikuwa imeuacha mtandao wa Uganda na kudakwa na ule wa ng'ambo, na ujumbe ukaingia kumkaribisha Sudan Kusini. Akapiga, haikuita. Akaizima, akaiwasha. Akaenda nyuma ya kibanda, akaenda barabarani, akainua mkono juu. Kijistari kimoja cha mtandao kikatokea, kikapotea. Akapanda kwenye bampa la lori lililokuwa karibu, akashika kioo cha pembeni kwa mkono mmoja, na kuinyoosha simu kuelekea Kampala kwa mkono mwingine, hadi mbavu zikamuuma.

Vijistari viwili. Ikaanza kuita.

"Uongozi," dereva alisema kutoka dirishani, akiwasha injini. "Shuka. Sisi tunaenda Juba."